Bazini Iliyoyeyuka kwenye Mguu wa Aziza

Aziza alikuwa amesimama juu ya chetezo, miguu ameiachanisha kidogo, gauni tumelitandaza kumzunguka ili moshi wa udi upande ndani ukae kwenye nguo. Ndivyo tunavyowafanyia bibi arusi wetu hapa mtaani Jabe, Bujumbura, kabla hawajachukuliwa. Bibi yangu alifukizwa hivyo, mama yangu alifukizwa hivyo, na mimi pia. Wanawake walikuwa wanampigia vigelegele na kumtania. Mmoja akamwambia, "We mutoto, kaa vizuri moshi iingie yote, bwana asikimbie!" Aziza akacheka, akahamisha mguu. Upindo wa gauni ukagusa kaa.

Moto haukuwa mkubwa. Ulipanda kimya upande wa kushoto, na kabla hatujajua tunaangalia nini, nguo ikaanza kudondoka. Nawaambia ilidondoka, matone, kama mshumaa. Dada yangu Mariamu, mama yake Aziza, akapiga kelele: "Mwajuma! Muvue gauni! Muvue!" Mimi ndiye niliyelishona, mimi ndiye niliyejua vifungo vimejificha wapi. Nilipiga magoti nikalishika ili nilichane. Halikuchanika. Lilinata kwenye mguu wa mtoto na likanata kwenye mkono wangu, na nilipovuta, kilichokuja hakikuwa nguo peke yake.

Nimeshona miaka mingi. Nguo ya pamba nimeiona ikiungua. Inawaka, ndiyo, lakini unaipiga kwa kiganja, unaimwagia maji, unaichana, unaitupa kule. Ile haikuwa pamba. Niliambiwa ni pamba, nikaonyeshwa kuwa ni pamba, na aliyenionyesha alijua.

Basi sishoni tena. Vidole vya mkono wa kulia vimejikunja na haviwezi kushika sindano. Ninaandika haya kwa mkono wa kushoto, polepole, na shule niliiacha mapema, kwa hiyo mtanisamehe pale nitakapokosea. Nyinyi wasichana mnapita hapa kwangu kila siku na kuniuliza, "Mama Mwajuma, tuvae nini? Mama Mwajuma, nianze kununua nini?" Nitawaambia. Lakini mtasikia yote, na haya ya Aziza pia, kwa sababu kwangu mimi nguo na yale yaliyotupata ni jambo moja.

Aliyenifundisha kazi ni Dada Leokadia, Mkristo, mwanamke mwembamba aliyekuwa na masini ya miguu, cherehani ya kukanyaga, kwenye baraza lake nyuma ya soko la Jabe. Mtu akimletea nguo iliyoshonwa kwingine, haangalii nje. Anaigeuza kwanza. Anaangalia mishono ya ndani, anavuta kidogo, anaona kama aliyekata ameacha nafasi ya pembeni ya kuachilia siku mwili ukiongezeka. "Nje ni ya majirani," alikuwa anasema. "Ndani ni yako." Na nyinyi mkienda kununua, dukani au kwenye chaguwa ya mitumba, geuzeni. Mshono ukiwa umekatwa hadi ukingoni, hiyo nguo ni ya mwaka mmoja. Ukizaa, au ukipata kazi ya kukaa, kwaheri.

Dada Leokadia alikuwa na uvumilivu na wateja, mimi sina. Nakumbuka mama mmoja mnene, mwimbaji wa kwaya, alileta kitenge chenye ndege wakubwa. Akasema anataka kitenge kikatwe hivi kwamba vichwa vya ndege vielekee miguuni kwake, ili akiinamisha kichwa awaone vizuri. Dada Leokadia akamweleza kwamba watu wa mbele yake watawaona vichwa chini. Yule mama akakataa. "Nguo ni yangu, ni mimi nataka kuona!"

"Sawa, maman. We utawaona wazima. Sisi tutaona wamekufa."

Alishonewa vilevile alivyotaka. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa linamuuliza nani kawaua ndege wake. Jumatatu alirudi kwenye baraza na kitenge kingine, na hakusema neno juu ya ndege.

Sasa swali lenu. Mnaniuliza mnunue nini kwanza. Mi nakuuliza: asubuhi unakwenda wapi, na unakwenda na nini? Siku hizi mafuta ya gari ni shida, mabasi machache, watoto wa kike wanatembea kwa miguu kutoka mtaani hadi kazini mjini. Halafu mtu anatembea hivyo amevaa sketi ya kubana magotini na viatu vya visigino virefu vya kuchoma ardhi, amefika amelowa, ameshika ukuta. Huyo hajavaa vizuri, hata kama nguo ni ya Paris. Anza na viatu unavyoweza kutembea navyo. Halafu sketi moja nyeusi ya pamba nzito, imekatwa kwa upana chini, yenye mfuko. Halafu bilauzi mbili za rangi zinazokubaliana na uso wako. Rangi inayokubali uso utaijua hivi: simama nje, si ndani ya duka lenye taa, weka kitambaa chini ya kidevu, mwambie rafiki yako aangalie macho yako, asiangalie kitambaa. Macho yakiwa hai, nunua. Ukionekana umetoka hospitali, rudisha.

Halafu nguo ya heshima, moja. Sisemi kumi. Imvutano yako, vazi letu la kufunga begani, ya kwenda kuposa na kuposwa, ya kuzika na ya kuondoa matanga. Chagua rangi tulivu, kwa sababu hiyohiyo itakwenda kwenye kilio na kwenye furaha, na watu wa Bujumbura wana kumbukumbu.

Kinachowaua nyinyi ni sare. Kila arusi kamati inachagua kitenge, na wewe huwezi kukataa, utaambiwa unajivuna. Mwaka ukiisha kabati imejaa arusi za wenzako, na wewe huna cha kuvaa Jumanne. Fanya hivi: kubali sare, lakini mwambie fundi asikushonee gauni zima. Akushonee sketi mbali na bilauzi mbali. Bilauzi yenye mikono ya madoido itakaa ingoje. Sketi itakwenda kazini na bilauzi yako nyeupe, na hakuna atakayejua kwamba ilizaliwa kwenye arusi ya mtu.

Na ukipimwa, kaa chini. Fundi anayekupima umesimama tu hajamaliza kazi. Siku moja alikuja kwangu msichana wa Mutanga Sud, mwanafunzi, na picha kwenye simu, gauni la kubana kama ganda la ndizi. Nikamwambia akae kwenye kiti.

"Kwa nini nikae? Huyu wa kwenye picha amesimama."

"Huyu wa kwenye picha hajasogea tangu wamupige picha. Na we utasimama arusi yote?"

"Nitasimama."

"Na ukienda kwa choo?"

Akakaa kwenye kiti. Halafu tukacheka wote wawili, nikampima amekaa, nikaongeza upana pale panapohitajika, na akapendeza kuliko wa kwenye simu. Zamani mteja alikuwa anakuja na kitambaa na kusema, "Fanya unachojua." Leo anakuja na picha na kusema, "Fanya hii." Sichukii picha. Lakini picha haina jua la ziwa, haina vumbi, haina shangazi wa kukuangalia umekaaje.

Kuhusu chaguwa, hizi nguo kuukuu zinazokuja kwa marobota, nimewasikia mnaona haya kuzivaa. Acheni haya. Kitambaa kizuri cha zamani ni bora kuliko takataka mpya. Ila angalia kwapa, angalia kola, angalia katikati ya suruali, inua nguo mbele ya jua uone kama mwanga unapita. Na unuse. Kule Gatumba maji yalipofurika, marobota mengi yalilala ndani ya matope. Yalikaushwa yakauzwa. Ukiona vidoa vyeusi vidogo kama pilipili manga iliyosagwa, na harufu ya udongo haitoki hata ukifua, huo ni ukungu umeshakula uzi. Mwaka huu itavalika, mwaka ujao itapasuka mgongoni ukiinuka kusalimia mkwe.

Nimefika kwenye kitambaa kipya. Zamani jina la kitambaa lilitosha. Ukisema bazini, kila mtu anajua: pamba nzito inayong'aa, imefumwa na maua ya rangi ileile ndani yake, inalia kidogo ukiikunja. Halafu zikaingia za kuiga. Zinang'aa zaidi, zinakunjika kidogo tu, na bei yake inapendeza. Sisi mafundi tukajifunza kuchoma uzi. Unachomoa uzi mmoja kwenye kitambaa, unauwasha. Pamba inanuka karatasi, inaacha jivu laini linalopeperuka. Kitambaa cha plastiki kinajikunja, kinanuka vibaya, kinaacha tone gumu jeusi ambalo ukilibana halivunjiki. Jabe yote tulikuwa tunafanya hivyo, na wenye maduka walijua tunafanya hivyo.

Hamimu alijua. Wanamwita Hamimu wa Majora kwa sababu duka lake limejaa vitambaa kutoka chini hadi kwenye paa. Na alikuwa na mwanamke anaitwa Esperansi, kazi yake ni kuzunguka kwenye nyumba zenye arusi na kuwaleta wenye arusi kwa Hamimu, na yeye apate chake. Esperansi ana ulimi mtamu. Alisikia Aziza anaolewa kabla sisi jamaa hatujamaliza kuambiana.

Tulikwenda dukani watu wanne: mimi, dada Mariamu, Aziza, na huyo Esperansi mbele yetu anatufungulia njia. Hamimu akashusha jora la bazini ya rangi ya maziwa. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Aziza aliishika kama anashika mtoto mchanga.

"Mama Aziza, usiangalie bei, bambe, nakuomba, angalia mutoto," Esperansi akasema. "Unaolesha Aziza mara ngapi?"

Mariamu akaniangalia mimi. "Mwajuma, we ndio fundi. Ni pamba?"

Kabla sijafungua mdomo Hamimu akasema, "Apana, usimwulize ajibu kwa macho tu. Esperansi, leta kibiriti. Wallahi hii ni pamba tupu." Akachomoa uzi kwenye ncha ya jora, pale alipomkatia mteja aliyetangulia. Akauwasha. Ukawaka vizuri, ukanuka karatasi, jivu likaanguka kwenye meza yake, laini. Akalipuliza. "Mmeona?"

Aziza akanyoosha mkono kwenye ukingo wa pembeni, akataka kuchomoa uzi mwengine ajaribu mwenyewe, kwa mchezo tu wa bibi arusi. Hamimu akavuta jora. "Eeh, mwali, utaniharibia mali!" Esperansi akacheka, akamshika Aziza mkono, akampeleka kuangalia lesi. Sisi tukacheka pia. Nikamwambia Mariamu, ni pamba. Kwa uzi ule tuliouona unawaka, ilikuwa pamba.

Sikilizeni sana hapa, maana hili hamtalisikia dukani. Kitambaa kina nyuzi za njia mbili. Kuna uzi wa urefu, unaokwenda na jora tangu mwanzo hadi mwisho. Na kuna uzi wa upana, unaokatiza. Ukichomoa uzi pale jora lilipokatwa, unaotoka ni wa upana, daima. Wa urefu unatoka kwa pembeni, pale alipotaka kuchomoa Aziza. Bazini ile ilifumwa pamba kwa upana na plastiki kwa urefu. Nusu ya kitambaa ilikuwa na heshima, nusu ilikuwa mwizi. Na kitambaa cha hivyo ni kibaya kuliko plastiki yenyewe, kwa sababu pamba inashika moto haraka, halafu plastiki inayeyuka ndani ya moto wa pamba na kukaa hapohapo.

Niliyahakikisha haya mwenyewe baada ya kutoka hospitali. Vipande vilivyobaki kwenye kukata vilikuwa bado ndani ya kapu langu. Nilikaa chini, na kwa mkono wa kushoto usiojua kazi nikachomoa uzi wa upana: jivu. Nikachomoa wa urefu: tone jeusi gumu. Nikachukua kipande kingine, vilevile. Nilikaa pale kwenye mkeka na vile vipande, na nilijua kwa nini alivuta jora.

Nilikwenda dukani kwake, mkono bado umefungwa bandeji. Kulikuwa na wateja. Nikaweka kipande juu ya meza. "Hamimu, choma uzi wa urefu."

Hakukigusa. Akaniambia kwa sauti ya huruma, na kwa nguvu ili wote wasikie, "Pole sana, Mwajuma, pole sana. Lakini niulize tu. Ile dublire, bitana ya ndani, ulinunua wapi?"

"Dublire ni pamba. Nilinunua mimi mwenyewe, nikaifua kabla ya kukata."

"Aah. Kila fundi anasema hivyo. Dublire ya nailoni ni rahisi, ntakundi, hakuna jinsi, watu wanatafuta chakula." Akawageukia wateja. "Mimi nauza kitambaa. Fundi anaweka ndani nini, mimi najua?"

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa neno lililonimaliza. Fundi aliweka nailoni ndani ya gauni la mtoto wa dada yake ili apate faida. Lilitembea kwenye soko, likatembea kwenye vikao vya wanawake, likafika nyumbani kwa Mariamu kabla yangu.

Alikuja kwangu, hakukaa. "Mwajuma, niambie ukweli. Nitakusamehe, we ni damu yangu. Niambie tu."

"Nimekuambia ukweli. Kaa, nichome nyuzi mbili uone."

"Hicho kipande unaweza kukitoa popote. Hamimu ameapa kwa Mungu. Mutu haapi Mungu kwa uongo."

"Na mimi naapa."

"We una sababu ya kuapa."

Sisi ni watoto wa mama mmoja. Tulilala mkeka mmoja, tulivaliana nguo, gauni langu la Idi likichakaa alilivaa yeye, na likimpasukia nililishona tena. Aliondoka, na tangu siku hiyo hajaja. Nikipita mbele ya nyumba yake lango linafungwa. Nikikutana naye sokoni anaangalia nyanya. Mkono nimeuzoea. Hili sijalizoea.

Nilikwenda kwa mkubwa wa mtaa. Akaniambia lete shahidi. Shahidi ninaye, nikamwambia, ni Esperansi. Maana nilipokuwa hospitali Esperansi alikuja kuniona na matunda, akalia, akaniambia kwa mdomo wake: "Mama Mwajuma, nisamehe. Hamimu alituambia tuonyeshe wa upana tu. Alisema nyuzi za pembeni tusiguse." Nilimshika mkono kwa ule wangu uliobaki, nikamwambia hana shida, aje tu aseme.

Alikuja kwa mkubwa wa mtaa amevaa vizuri, kitambaa cha kichwa kipya. Akaulizwa. Akasema, "Mimi sijui kitu ya nyuzi. Mi naonyesha watu duka tu." Na akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Hamimu alikuwa ameketi karibu naye anachezea tasbihi. Mkubwa wa mtaa akatuambia turudi nyumbani tukae kwa amani, majirani ni majirani. Mi sikutaka amani, nilitaka jibu.

Aziza yuko hai, alhamdulillahi. Bwana arusi alingoja. Ndoa ilifungwa alipotoka hospitali, bila udi na bila vigelegele, mwali amekaa kwenye kiti. Mimi sikualikwa.

Lakini yeye huja kwangu, mama yake akijua au asijue. Mara ya kwanza alikuja na mfuko wa nguo zake zote za kuolewa, akazimwaga kitandani. "Mama mudogo, hakuna hata moja inanivaa. Mguu mmoja ni wa mwali, mwengine ni wa bibi kizee."

"Huyo bibi kizee ana bahati, anaishi kwa mwali. Leta tuone."

Tulikaa mchana wote. Kovu halipendi joto, halipendi mshono, halipendi nguo inayonata. Kwa hiyo tuliondoa kila sketi yenye mshono upande wa kushoto. Tulibakiza pamba laini iliyofuliwa mara nyingi, maana pamba mpya inakwaruza. Nilimwelekeza, na yeye akakata kwa mikono yake, kwa sababu yangu haiwezi: sketi pana za vipande, mshono umehamishiwa mbele na nyuma, kiuno cha kufunga badala ya fermetiri, yaani zipu. Rangi nilimwambia asiende kwenye nyeusi kama mjane. Achukue manjano ya embe, achukue buluu ya kaniki, juu avae bilauzi ya kukaa vizuri mabegani, ili mtu akimwona aanze na uso. Alipovaa ile ya manjano akatembea hadi mlangoni na kurudi. Anachechemea. Sketi ilikuwa inachechemea naye, kwa madaha, hata ungedhani ni mtindo.

"Napendeza?"

"Unapendeza."

Ndipo akaanza kulia. Si kwa sababu ya mguu. "Mimi nilikuwepo dukani," akasema. "Niliona anavuta jora. Nimemwambia mama. Anasema nilikuwa naangalia rangi, mutoto wa kuolewa haoni kitu. Mama mudogo, nitazaa, na nyinyi wawili hamtakaa chumba kimoja kunishika?"

Ana mimba sasa, nimeiona kwenye kiuno cha sketi kabla hajaniambia.

Wasichana, shikeni haya. Chomeni nyuzi mbili, wa upana na wa urefu, na mzichomoe wenyewe, kwa mkono wenu, pale mnapotaka nyinyi. Mwenye duka akivuta jora, tokeni. Mkitaka kufukiza nguo ya arusi, isifukizwe mwilini. Weka tenga juu ya chetezo, tandaza nguo juu ya tenga, bibi arusi akae pembeni na kanga yake achekeshwe na wenzake. Moshi utaingia vilevile. Mashangazi watanung'unika kwamba sivyo walivyofanyiwa wao. Waacheni wanung'unike.

Na sasa ninasema na watu wawili. Hamimu wa Majora, bado uko dukani, kila asubuhi nakusikia unafungua milango. Esperansi, bado unazunguka kwenye nyumba zenye arusi, juzi umeonekana ukitoka kwa jirani yangu. Siwaombi mkono wangu, hamwezi kunirudishia. Siwaombi mje kwangu. Nyumba ya Mariamu mnaijua, mliwahi kuingia pale mkanywa chai siku ya kupanga arusi. Nendeni. Ingieni mchana, watu wakiwaona. Mtamkuta Aziza na tumbo lake, amerudi kwa mama yake kungoja kujifungua, atawafungulia. Mwambieni mama yake mliuza nini na mlificha nini, kwa mdomo huohuo ulioapa. Mtoto atazaliwa, na aliyelishona gauni yuko nje ya lango. Hamimu, Esperansi, mnakwenda lini?